Kuni za Mwezi wa Nne

Hamida Mansuri alifika kiwandani mara ya kwanza mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, vumbi la barabara ya kupandia milimani likiwa limemwingia mpaka ndani ya begi la kompyuta. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Tanga mjini, mhandisi aliyekuwa akifanya utafiti katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kiwanda kilikuwa cha chai, cha zamani, kwenye kona ya Usambara ambako ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi.

Shida ya kiwanda ilikuwa kuni. Boila lililotoa mvuke wa kukaushia majani lilikuwa likila mikaratusi tangu lilipowekwa, na mikaratusi ya kampuni ilikuwa inaelekea kwisha. Msitu wa hifadhi ulikuwa pale pale ng'ambo ya bonde, lakini huo haukuwa wa kuguswa. Meneja, Bwana Hashimu, alikuwa amepata makaa ya mawe kutoka Songea. Makaa peke yake yana moto mkali, yangeutafuna wavu wa tanuri lililojengwa kwa ajili ya kuni. Ikabidi vichanganywe. Swali likawa, makaa kiasi gani kwa kuni kiasi gani, na hewa iingie kiasi gani ili vyote viungue sawasawa. Kazi ya Hamida ilikuwa kulijenga boila lile ndani ya kompyuta, aliwashe humo, aone moto unavyokwenda, ndipo watu wa kiwandani wajaribu kwenye chuma chenyewe.

Aliyepewa kumwonyesha kazi alikuwa mkuu wa boila, Paskali, mtu wa Gare, mwenye miaka hamsini na sita. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza mbele ya tanuri lile. Hakuwa mwongeaji. Hamida alipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akamtazama viatu, akaenda kumletea mabuti.

Siku tano walizunguka pamoja. Hamida alipima upana wa tanuri, urefu wa mabomba, ukubwa wa kilango cha chini kinachoingiza hewa, kile chenye mkono wa chuma na alama sita. Alimuuliza Paskali magogo yanapangwaje, yanachukua dakika ngapi kushika, moto unageuka rangi gani mvuke unapopungua. Paskali alijibu kila swali taratibu, na asilolijua alisema halijui. Mdogo wake, Alen, naye alifanya kazi pale pale. Ndiye aliyekuwa akitia kuni, na makaa kwa koleo. Alen alikuwa mcheshi, akamwambia Hamida kwamba kaka yake hajawahi kusema maneno mengi hivyo hata siku ya harusi yake.

Siku ya mwisho Hamida aliwafungulia kompyuta, akawaonyesha mchoro wa tanuri aliokuwa ameanza kuujenga. Paskali aliuinamia kwa muda.

"Kwa hiyo hili ni boila letu," alisema, "ila haliunguzi mtu."

Kisha akampeleka uwanja wa kuni. Magogo yalikuwa yamelundikwa nje, bila paa, kama yalivyolundikwa miaka yote. Paskali aligonga gogo moja kwa kisigino cha shoka, likalia.

"Unasikia? Hizi zimekauka. Lakini usije ukazihesabu hizi ukadhani ndizo kuni zetu. Masika yakiingia, mwezi wa nne, ukipasua gogo maji yanatoka. Kuni za mwezi wa nne hazina tofauti na kuchoma majani mabichi. Moto unalala."

"Unalala vipi, mzee?"

"Unaona moshi mwingi, mzito, wa manjano, lakini mwali huuoni. Hapo ndipo pa kuogopa."

Hamida aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake jinsi yalivyosemwa, akachora nyota pembeni, maana yake asiyasahau.

Hakuyasahau. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba hakuwahi kuyasahau hata siku moja. Modeli yake ilikuwa nzito, na kila mara alipobadilisha kitu kimoja, mashine ya chuo ilitumia siku mbili nzima kukokotoa, na mashine hiyo walikuwa wanaigombea watafiti wanane. Alianza na kuni kavu kwa sababu ndizo alizokuwa amezipima. Akajaribu makaa kidogo, akaongeza, akapunguza hewa, akaongeza. Mpaka mwezi wa kwanza alikuwa amepata mchanganyiko mzuri, na mwezi huo huo ndio ripoti ilitakiwa. Kuni za masika zingehitaji wiki tatu zaidi. Aliandika kwenye ukurasa wa nne, katikati ya mambo mengine, kwamba hesabu zote zimechukulia unyevu wa kuni kuwa asilimia ishirini na tano. Akajiambia hesabu ya masika ataifanya baadaye.

Kiwandani ripoti hiyo ya kurasa sitini iligeuka karatasi moja. Ilikuwa jedwali: kuni sehemu tatu, makaa sehemu moja, makaa yatiwe kila baada ya dakika ishirini, kilango cha hewa alama ya tatu. Bwana Hashimu alilifunika kwa plastiki, akalipigilia ukutani kando ya tanuri, akatoa amri kwamba mtu asitoke nje ya jedwali. Mwezi wa pili na wa tatu mambo yalikwenda vizuri. Moshi wa dohani ulipungua, magogo yakadumu. Hamida alipigiwa simu ya pongezi, na picha ya boila ikawekwa kwenye jarida la chuo.

Mwezi wa nne mvua ikaingia.

Paskali alimpigia simu siku ya Jumatano, mchana, Hamida akiwa amefunga na anasahihisha mitihani ya wanafunzi.

"Mhandisi, moto unalala," alisema. "Nikitaka kuongeza hewa meneja anasema jedwali linasema alama ya tatu. Nimeona nikuulize mwenyewe."

Hamida alisimama, akaenda dirishani. Alijua kabisa mzee anasema nini. Alijua pia kwamba hana jibu, kwa sababu hesabu hiyo hakuifanya, na kusema hivyo kwa mkuu wa boila kungefika kwa meneja kabla ya jioni.

"Fuateni jedwali kwa sasa, mzee," alisema. "Idi imekaribia. Nikimaliza Idi nakuja mwenyewe tuangalie."

"Baada ya Idi."

"Ndiyo, mzee. Siku kumi tu."

"Haya, mwanangu. Karibu."

Siku ya sita, Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi, mvuke ulishuka, na majani yalikuwa yanasubiri kwenye vikaushio. Ndani ya tanuri kuni mbichi zilikuwa zimefuka tangu alfajiri bila mwali, na moshi ule usioungua ukawa umejaa mpaka juu. Paskali aliuvuta mkono wa kilango cha hewa ukapita alama ya tatu, ukafika mwisho. Kisha akafungua mlango wa tanuri. Moto ulitoka wote kwa mkupuo mmoja.

Paskali alipelekwa hospitali kwa gari la kubebea majani. Alikufa Ijumaa. Alen, aliyekuwa nyuma yake, aliungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

Hamida hakwenda kwenye mazishi. Alimwambia mkuu wake wa idara kwamba anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa, hakula siku mbili. Wiki iliyofuata kampuni iliunda kamati ya uchunguzi, na kamati ikamtumia swali moja kwa maandishi: je, jedwali lilikuwa sahihi? Alikaa nalo siku nzima. Mwishoni aliandika kwamba jedwali lilikuwa sahihi kwa kuni zenye unyevu uliotajwa ukurasa wa nne wa ripoti. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Aliisaini.

Kamati ikahitimisha kwamba ajali ilisababishwa na marehemu, aliyekiuka maelekezo ya hewa na kufungua mlango wa tanuri likiwa limejaa moshi. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kiwanda, likasomwa na kila mtu.

Mwaka ukapita. Masika mengine yalikuwa yanakaribia Hamida alipolitoa daftari lile kwenye droo akitafuta vipimo vya mabomba kwa ajili ya makala. Likafunguka kwenye ukurasa wenye nyota. Aliyasoma maneno ya Paskali mara moja, akalifunga. Halafu akaomba zamu ya mashine, akaweka kuni zenye unyevu wa asilimia hamsini na tano, hewa alama ya tatu, akaondoka.

Siku mbili baadaye aliona tanuri limejaa rangi ya kijivu, gesi isiyoungua inayosubiri hewa, tangu wavu mpaka kwenye mabomba. Alifungua mlango ndani ya modeli. Moto ulitoka. Akarudia kwa siku mbili nyingine, safari hii hewa ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho kabla ya mlango, kama alivyofanya Paskali. Moto ulitoka pia, ila ulikuwa karibu nusu ya ule wa kwanza, maana hewa ilikuwa imeshasukuma sehemu ya gesi ile ikatokea dohanini. Kilichohesabiwa kuwa kosa lake ndicho kilichokuwa kimeupunguza. Hamida alikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka msafishaji, mama mmoja mtu mzima, akamgusa bega na kumuuliza kama amefiwa.

Alipanda basi la Lushoto Jumamosi iliyofuata, akachukua bodaboda kwenda Gare, akauliza nyumbani kwa marehemu Paskali wa boila. Alioneshwa nyumba ya matofali kwenye mteremko, chini ya njia ya misheni. Kando yake ilikuwepo nyumba nyingine, ukubwa ule ule, na kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua mpya wa matete, mrefu kuliko mtu.

Yunis, mjane wa Paskali, alikuwa uani anafunga karoti mafungumafungu kwa ajili ya soko. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Aliitika marahaba, akamsogezea kigoda, hakuuliza yeye ni nani.

"Mama, naitwa Hamida. Mimi ndiye..."

"Nakujua," alisema Yunis. "Wewe ni yule wa kompyuta."

Hamida alieleza yote. Alikuwa amejipanga kueleza kwa utaratibu, lakini maneno yalikuja yamechanganyika, unyevu, ukurasa wa nne, nyota ya kwenye daftari. Alipofika kwenye simu ya Jumatano aliishia katikati ya sentensi.

Yunis alifunga fungu moja, akaliweka kwenye tenga.

"Ulimwambia asubiri Idi," alisema.

"Ulijua?"

"Aliniambia. Alikuja nyumbani Jumamosi ile, akaniambia nimempigia mhandisi, amesema baada ya Idi. Nikamwuliza, na kama moto hausubiri Idi? Akasema yule binti ni msomi, anajua." Alichukua karoti nyingine. "Kwa hiyo nilijua. Mwaka mzima najua."

"Kwa nini hukusema, mama? Kwa kamati?"

"Walikuja watu wa kamati? Hawakuja hapa. Lilikuja tangazo. Na ningesema, ningemwambia nani? Mimi mlima karoti niseme hesabu ya kompyuta imekosea?"

Hamida aliinamisha kichwa. Alisema anaomba radhi. Neno hilo alilisema mara moja tu, kwa sababu lilipotoka aliona lilivyokuwa dogo.

Yunis alifuta mikono kwenye kanga, akautazama ule ua wa matete.

"Unaona huo? Aliusimamisha Alen, tena kwa kulipa mtu, maana yeye mikono hana. Aliyekwenda kupeleka mahari yangu kwetu ni yeye, alikuwa kijana mdogo. Leo watoto wake hawaruhusiwi kupita kwangu. Anasema kaka yake alikiuka amri, akajiua mwenyewe na kumfanya yeye kilema. Anasema lilibandikwa ukutani, limeandikwa." Sauti yake haikupanda. "Mimi sitaki kitu kwako. Nenda ukamwambie huyo."

Alen alikuwa amekaa barazani, mikono imelala mapajani, ngozi yake imevutwa na kung'aa, vidole vimekunjika visifunguke. Ule ucheshi haukuwepo. Hamida alimwamkia, akakaa kwenye ngazi, akafungua kompyuta, akamwonyesha tanuri likijaa kijivu. Alieleza kuni za mwezi wa nne. Alieleza kwamba jedwali ndilo lililokosea, na kwamba jedwali lilikuwa lake.

Alen alitazama. Moto wa kwenye kioo ulitoka, ukarudi, ukatoka tena.

"Sisi tuko wapi hapo?" aliuliza.

"Watu hawamo," alisema Hamida. "Modeli inakokotoa moto tu."

"Mimi nilikuwa hapa." Alinyoosha mkono, akagusa kioo kwa kidole kilichokunjika, mbele kabisa ya mlango. "Nilikuwa nimeshika koleo. Zamu ya kutia makaa ilikuwa yangu."

Hamida hakuwa amelijua hilo. Halikuwemo kwenye ripoti ya kamati.

"Alinivuta shati akanitupa nyuma," Alen aliendelea. "Akasema sogea. Hakusema jambo lingine. Mimi nikachukia, nikajua anaona siwezi kazi. Ndipo akafungua hewa, halafu akafungua mlango yeye. Asingegusa hewa, ingekuwaje?"

"Moto ungekuwa mkubwa zaidi. Karibu mara mbili."

"Na mlango? Tusingefungua mlango?"

"Mngefungua. Jedwali lilisema makaa kila baada ya dakika ishirini. Yeyote ambaye angefungua..."

Hakumaliza. Alen alikuwa ameshaelewa. Alijaribu kuifunika sura yake kwa mikono, lakini viwiko havikupinda vya kutosha, mikono ikabaki hewani mbele ya uso, na machozi yakamtiririka hakuna wa kuyafuta. Mke wake alitoka ndani, akasimama mlangoni, akamwuliza jambo kwa Kishambaa. Alen alitikisa kichwa. Alisema sentensi ndefu kwa lugha ile ile, na Hamida, ambaye Kishambaa hakukijua, alisikia ndani yake jina la Paskali mara tatu.

Baadaye Alen aliinuka, akaenda hadi kwenye ule ua. Akasimama pale, kipaji cha uso wake kwenye matete. Upande wa pili Yunis alikuwa bado anafunga karoti. Walisikiana bila shaka, maana matete hayazuii sauti. Hakuna aliyemwita mwenzake. Hamida alifunga kompyuta, akaaga, akapanda njia ya misheni kwa miguu.

Jumatatu aliiandikia kampuni, akapeleka nakala chuoni na kwa wakaguzi wa usalama kazini. Aliambatisha picha za modeli, nakala ya ukurasa wa daftari, na maelezo ya simu ya Jumatano, siku na saa. Aliandika kwamba Paskali alimwonya mara mbili. Idara ikamwondoa kwenye mradi, na mkuu wake akamwambia, kwa upole, kwamba barua ingekuwa na sura nyingine kama angemwonyesha kabla. Miezi minne baadaye kampuni ilitoa tangazo jipya la mistari mitano, likisema kwamba kufuatia taarifa mpya za kitaalamu, hitimisho la awali kuhusu marehemu limeondolewa. Jedwali lilitolewa ukutani, na uwanja wa kuni ukajengewa paa la mabati.

Barua ya tangazo hilo ilifika Gare kwa mkono wa padri. Binti mkubwa wa Alen ndiye aliyeisoma, uani kwa Yunis, Alen akiwa amesimama kwenye pengo ambako matete yalikuwa yametolewa ili mtu apite. Aliposikia neno limeondolewa alimwambia msichana arudie. Akarudia. Yunis aliikunja barua, akaitia ndani ya kitabu cha sala, akaenda jikoni kuangalia maharage.

Alen hula kwa Yunis siku hizi, siku za Jumapili. Yunis humlisha kwa kijiko, polepole, na mara nyingi hawazungumzi. Kuna siku Alen alimwambia, shemeji, mwaka mzima nilimlaani kila asubuhi. Yunis akamwambia ale, chakula kinapoa. Usiku ule mke wa Alen alimwona mumewe amekaa kitandani, hakulala.

Hamida bado anafundisha. Kila baada ya miezi kadhaa humpigia Yunis simu, huanza kwa shikamoo, huuliza habari za shamba na za Alen. Yunis hupokea kila mara. Humweleza bei ya karoti imeshuka, mtoto wa fulani amepata ubatizo, Alen ameanza kujifunza kushika kikombe. Hajawahi kusema amesamehe, na Hamida hajawahi kumwuliza. Mara ya mwisho walipozungumza ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nne, na kelele zilikuwa zinaifunika sauti ya Yunis kwenye simu.

"Sikusikii vizuri, mama," alisema Hamida.

"Ni mabati," alisema Yunis. "Huku mvua imeanza tangu jana."